Mama Mwenye Meno Mawili

Nianze na hasira, kwa sababu hasira ndiyo iliyotangulia. Kicheko kilikuja baadaye kikanishinda, lakini sitaki mtu aseme mimi ni wa kucheka-cheka tu.

Kule nilikoolewa, nyuma ya Zombe, simu ni kitu cha kuangalia saa. Ukitaka kuongea na mtu unapanda mwamba ulio juu ya shule ya msingi, unasimama upande wa kushoto, uso unaelekea Kitui, hapo unapata vijiti viwili vya network. Ukigeuka kumwangalia mtoto, vinapotea. Mnara tulijengewa, ndio. Tunauona ule pale kilimani na taa yake nyekundu, lakini unamhudumia nani mimi sijui, labda ndege. Siku ya kuuzindua tuliitwa mkutano tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, tumbo likiwa la miezi minane, na nikikumbuka makofi hayo natamani nirudishiwe.

Basi watu wakajitengenezea network yao. Posta yetu ni steji ya boda boda pale sokoni. Mwenyekiti wa steji ana simu mbili na hasahau neno. Ukiwa mwambani unampigia, unamwachia ujumbe, naye anaupeleka kwa pikipiki ya kwanza inayokwenda upande huo, au anautupa kwa grupu ya ukoo. Grupu hiyo msimamizi wake ni baba mdogo wa mume wangu, karani mstaafu anayeishi Kitui mjini. Huyo mzee hajawahi kuacha habari ilale. Ng'ombe akizaa, anatangaza. Mtu akipata homa, anatangaza, halafu saa mbili baadaye anauliza kwa maandishi mbona familia imenyamaza.

Mimi nilizaliwa Kasikeu, nikasoma mpaka kidato cha nne, nikafaulu Kiswahili kuliko wasichana wote wa darasa letu. Baada ya hapo sauti yangu ikabaki kanisani. Kila Jumapili nilikuwa nasoma matangazo: harusi, harambee, kikao cha vijana, nani amepoteza ufunguo. Nikisoma, watoto wananyamaza. Kwa hivyo niliposikia kwamba redio moja ndogo ya Kitui inatafuta mtu wa kusoma matangazo ya mchana, nilipanda mwambani nikajirekodi nikisoma maandishi ya mfuko wa mbegu za ndengu, pamoja na onyo la sumu, nikawatumia. Wakaniita nije nisome hewani siku moja, wanisikie. Nikisoma vizuri, kazi ni yangu. Nikiharibu, kuna wengine wawili kwenye foleni.

Niliitaka kazi hiyo mpaka nikaona aibu. Redio haihitaji mwamba. Redio inaingia mpaka jikoni, inamkuta mtu akipepeta mbaazi, inamwambia. Mimi mwenye kupiga kelele juu ya jiwe kama mwendawazimu nilitaka mara moja tu sauti yangu ifike mahali bila kuomba ruhusa kwa upepo.

Tatizo lilikuwa ni mama.

Hapa nieleze, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yalipoharibikia. Sisi Wakamba mtoto wa kwanza wa kike anapewa jina la mama yake baba. Akishapewa jina hilo, yeye ndiye huyo. Mume wangu hawezi kumwita mtoto kwa jina lile kavu-kavu, ni jina la mama yake mzazi. Anamwita mama. Mama ameamka, mama amekojoa, mama amekataa uji. Na mama mkwe wangu naye, aliyempa jina, tunamwita mama. Nyumbani hatukosei, unajua tu kwa namna mtu anavyosema. Mama akikojolea mkeka, hakuna wa kuuliza ni yupi.

Sasa mama, yule wa miezi minane, alikuwa anaota meno. Mawili yalikuwa yametokeza chini, na ya juu yalikuwa njiani yakileta vita. Usiku wa kuamkia siku yangu hakulala hata kidogo na hakutaka mtu mwingine alale. Asubuhi nilitaka kuahirisha safari. Mama mkwe, ambaye mwezi mzima alikuwa akiniuliza ni kazi gani hiyo ya mtu kuongea peke yake kwa chumba, ndiye aliyenipokonya mtoto akaniambia niende, na nichane nywele kwanza. Alikuwa ameshachota maji mtungi wa lita ishirini na amerudi. Kumbuka huo mtungi.

Mume wangu aliniahidi kwamba mtoto akilala tu, atanitafuta aniambie, ili nisome moyo ukiwa umetulia. Nikafunga leso kifuani ndani ya blauzi, kwa sababu ya maziwa, nikaenda.

Mkuu wa redio alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye buibui. Wazee wake walitoka pwani zamani, yeye amezaliwa Kitui hapo hapo, anaongea Kikamba kama sisi, lakini Kiswahili chake kinatiririka mpaka unataka kunawa. Alinipokea vizuri na akanisahihisha kabla sijakaa. Nilisema niko tayari kuingia kwa studio, akasema studioni. Nikasema nimezima simu yangu kwa mkoba, akasema mkobani. Nilianza kuogopa kupumua. Yeye mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye mitambo upande wa pili wa kioo. Akanipa karatasi za matangazo, zimetoka kuchapwa, za moto bado, nikawekewa kipaza sauti mdomoni na taa ikawaka.

Nikasoma, na mimi huyo nilisoma. Kikao cha kamati ya kisima kimesogezwa. Ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika amepotea, atakayemwona amfunge asimchinje. Shule fulani inawaomba wazazi warudishe madawati yaliyoazimwa kwenye harusi. Nikageuza karatasi ya nne, nikashusha sauti, kwa sababu kifo unakiona kwa umbo la karatasi kabla hujakisoma. Nikaanza: kwa huzuni kubwa, familia ya huko nyuma ya Zombe inatangaza kifo cha mama yao mpendwa.

Msomaji mzoefu jicho lake linatangulia mdomo. Jicho langu likatangulia, likakuta jina la binti yangu.

Si la binti yangu, la mama mkwe. Ni lile lile. Chini yake: mjane wa marehemu baba mkwe wangu. Mama wa mume wangu. Na kwenye orodha ya walioachwa, imeandikwa vizuri kwa herufi kubwa, mama mkwe wa mimi mwenyewe, wa kutoka Kasikeu.

Nilinyamaza. Nilimwona yule mama na mtungi wake wa asubuhi. Nikafikiria labda alianguka nao. Upande wa pili wa kioo mkuu aliinua kichwa, akaniangalia, mkono wake ukaenda kwenye mitambo, na masikioni mwangu ikaingia kwaya. Akaja mlangoni. Nilimwonyesha karatasi kwa kidole. Akasoma, akasoma tena pale penye jina langu, akaniambia niwashe simu.

Nikaiwasha. Ujumbe ulikuwa mmoja, wa mume wangu, umetoka mwambani: Mama amelala. Amemaliza uji kikombe kizima. Soma vizuri.

Nikarudi kwenye karatasi. Na hapo katikati ya huzuni kubwa nikaiona sentensi ambayo mara ya kwanza niliiruka: kwamba mama alisumbuka usiku kucha, na asubuhi akalala, na sasa ametulia kabisa. Ametulia kabisa. Hayo ni maneno ya mume wangu. Hutumia maneno hayo kila jioni ya Mungu akimlaza mtoto, akirudi kwa ncha za vidole.

Nilielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayemwagiwa maji. SMS za mwambani huenda zikipenda, na yeye hakuiamini yake. Kwa hivyo akampigia mwenyekiti wa steji amwachie neno: mwambie bibi yangu mama alisumbuka usiku kucha lakini sasa amelala, ametulia kabisa, asiwe na wasiwasi. Mwenyekiti, mtu asiyesahau neno, akalituma vile lilivyo kwa grupu ya ukoo. Na baba mdogo, mtu asiyeacha habari ilale, akalipokea. Baadaye alituambia kwamba hakukurupuka, alimpigia mume wangu kwanza kuthibitisha. Akaambiwa na ile sauti ya simu kwamba mteja hapatikani. Mume wangu alikuwa ameshateremka mwambani. Kwa mzee huo ukawa ushahidi: kijana amezima simu, analia. Akaandika tangazo, akalipeleka redioni.

Nikacheka.

Wacha niseme ukweli, haikuwa kucheka, ilikuwa ugonjwa. Nilishika meza. Maziwa yakatoka, leso ikalowa. Mkuu alinitazama kama mtu anayehesabu wale wengine wawili kwenye foleni. Nilijaribu kumweleza: mama ni mtoto, mama mwenyewe yuko, ni meno. Kila neno lilizidi kuharibu. Mwishowe nilimpa simu asome ujumbe, na nikamwambia kuhusu jina. Alifunga macho. Mabega yake yakatikisika kidogo chini ya buibui, halafu akajikaza.

Alisema, "Mwanangu, umeshatamka kifo hewani, na umenyamaza. Redio haina kimya. Usiporudi sasa hivi, wasikilizaji watamzika wenyewe."

Kwaya ikashushwa, taa ikawaka. Nilijua kwamba nikicheka hewani, juu ya kifo, kazi imekwenda na ninapaswa kuishi na watu walionisikia. Nikauma ulimi. Nikasema, polepole, kwa sauti ya kanisani: "Wapenzi wasikilizaji, tangazo nililoanza kusoma si la kweli. Mama huyo yuko hai. Mama alikuwa amelala tu. Ana meno mawili, na alikuwa anasumbua watu usiku kucha."

Nikasoma na yale matangazo mengine mawili yaliyobaki, sauti imenyooka kama uzi. Nilijiona shujaa. Mkuu alinishukuru bila kuniambia chochote kingine, akasema watanipigia. Nikamwambia kwamba kunipigia ni shughuli, akasema ameshaona.

Njiani kurudi nilikuwa nimempangia mume wangu maneno. Nilikuwa nayo mengi na nimeyapanga kwa ukubwa. Jua lilikuwa bado juu nilipofika, na kabla sijaona nyumba niliona viti. Viti vya plastiki vya kanisa, vimefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki, na pikipiki zenyewe zimejipanga uani kama kwenye steji, mwenyekiti akiwa mbele amevua kofia. Hema lilikuwa limeshushwa lakini halijasimamishwa. Kina mama wa kikundi walikuwa wamekaa. Na katikati yao, amevaa rinda lake la Pasaka, mama mkwe alikuwa akiwamiminia waombolezaji wake chai.

Alikuwa amewaita tangu mchana, kumbe. Alinunua betri mpya za redio bila kuniambia, akaalika kikundi kizima kuja kumsikia mkaza mwanawe akisoma. Yeye aliyekuwa anauliza ni kazi gani ya kuongea kwa chumba. Walikaa wakachambua ndengu wakinisikiliza nikimtafuta ng'ombe mwekundu, na mama mkwe akawa anasema mnasikia, mnasikia anavyoshusha pumzi. Halafu nikatangaza kifo. Waliangalia huku na huku wakitafuta ni mama wa boma gani, maana jina sikulitaja. Walikuwa bado wanahesabu wagonjwa wa kijiji pikipiki ya kwanza ilipoingia na viti.

Nilimkuta mume wangu nyuma ya jiko. Amembeba mtoto, mtoto ananiangalia akicheka na yale meno yake. Nikasahau maneno yote niliyoyapanga, nikabaki na moja.

"Ulimwambia mwenyekiti nini?"

"Kwamba mama amelala."

"Mama yupi?"

"Kwani tuna wangapi?"

Nikamwaga hasira. Nikamwambia kwamba mtu mzima mwenye akili akituma neno kupitia midomo mitatu analisema mpaka mwisho. Anasema mtoto. Ni neno moja, mtoto, lingemkata nini mdomoni? Kwamba watu wamebeba hema kwa sababu ya neno moja ambalo yeye ameona uvivu kulisema. Kwamba nilikufa mimi pale kitini, mbele ya kioo. Alinisikiliza, akimbembeleza mtoto kwa goti, huku akiangalia nyuma yangu, ambako mama yake alikuwa amesimama na birika mkononi. Uani, kikundi kizima kilikuwa kinatusikiliza kama redio.

Mama mkwe akaniuliza taratibu, "Na wewe hewani ulisema mama yupi?"

Nikafungua mdomo. Nikayarudia maneno yangu kichwani, moja moja. Mama huyo yuko hai. Mama alikuwa amelala tu. Ana meno mawili, na alikuwa anasumbua watu usiku kucha.

Mtoto sikumtaja. Mahali popote.

"Kuanzia Kitui mpaka hapa," mama mkwe akasema, "watu wanajua nina meno mawili na ninasumbua watu usiku."

Wa kwanza kucheka alikuwa mwenyekiti wa steji, ndani ya kofia yake. Halafu kikundi. Halafu mama mkwe mwenyewe, amefungua mdomo wote makusudi, anamwonyesha kila mtu, hesabuni, hesabuni, na mama mmoja wa kikundi akasimama kweli na kuhesabu kwa kidole. Yalikuwa kumi na tisa. Nilikaa kwenye kiti cha msiba nikacheka mpaka mbavu zikauma, na mume wangu, ambaye hakustahili, akacheka kuliko wote.

Baba mdogo alifika mwisho, kutoka Kitui, amevaa suti nyeusi. Alimsalimia marehemu kwa mkono. Alieleza kuhusu mteja asiyepatikana. Tulipokuwa tunangoja aombe radhi, akauliza kama tangazo lenyewe lilikuwa limeandikwa vizuri. Mama mkwe akataka alione. Akasomewa lote, ameinamisha kichwa, anasikiliza majina ya waliobaki nyuma yake. Alilipenda. Ila walikuwa wamesahau kwamba yeye ni mwenyekiti wa kamati ya kisima, akaagiza hilo liandikwe. Mzee akaandika hapo hapo, akakunja karatasi, akasema ataihifadhi mpaka itakapohitajika.

Mama yangu mzazi naye, huko Kasikeu, neno lilikuwa limemfikia. Aliingia kesho yake asubuhi na sukari, unga na kilio alichoanza njia panda, akapokewa langoni na marehemu mwenyewe akiwa na fagio. Sitaki kueleza ukelele ule. Alikaa wiki nzima. Alikuwa hajamwona mtoto tangu azaliwe.

Asubuhi hiyo hiyo mimi nilikuwa mwambani. Nilimpigia mkuu wa redio mwenyewe, sikungoja. Nilimwambia nimekosea, kwamba nilikataa kifo nikatangaza meno, na kwamba kuna mtu hapa anadai sahihisho. Nilimwambia pia kwamba kama kazi amempa mwingine ni sawa, lakini sahihisho ni langu, nilisome mwenyewe. Kukawa kimya upande wa pili nikadhani nimegeuza kichwa.

Akasema, "Njoo mchana. Kosa lako, mdomo wako. Na njoo na vyeti vyako, kazi ni yako."

Sahihisho alilitunga mama mkwe, nikaliandika kwa daftari. Siku hiyo taa ikawaka, nikalisoma bila kubadilisha: kwamba mwenyekiti wa kamati ya kisima yuko hai na ana afya, kwamba ana meno kumi na tisa na yote ni yake, kwamba usiku analala vizuri, na kwamba anayesumbua ni mjukuu wake, mtoto mchanga, mwenye meno mawili. Nilifika salama mpaka "yote ni yake". Hapo sauti ikapanda kidogo. Mkuu upande wa pili alikuwa ameinama chini ya mitambo, ninaona buibui tu.

Kioo kile sasa nimekibandika karatasi, imeandikwa kwa kalamu nene: MAMA YUPI? Hakuna kifo kinachosomwa kabla sijaipata familia yenyewe kwa simu, na kama mteja hapatikani, tangazo linangoja. Watu wamenikasirikia. Wacha wakasirike, mimi nilitangulia.

Nilipotoka studioni siku ile ya sahihisho nikawasha simu. Kulikuwa na ujumbe kutoka mwambani: Mama amekusikia. Amefurahi sana, anapiga makofi.

Nikamwandikia: Yupi?

Mpaka leo hajajibu. Sijui ni ukaidi au ni mnara.